Angalia: Ngazi ya Ghala la Pili

Saa mbili na dakika tano asubuhi, Jumatatu, watu kumi na saba walikuwa wamesimama mbele ya ngazi ya ghala la pili wakiitazama.

Hakuna aliyekuwa akipanda, hakuna aliyekuwa akishuka. Walijipanga nusu duara, mikono nyuma au kifuani, kimya. Mwanamke mmoja mfupi wa chumba cha gundi alikuwa ameketi mbele kabisa juu ya kreti iliyopinduliwa, kama mtu aliyewahi kiti chake.

Bi Hadhari aliwahesabu mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Ndivyo alivyokuwa: kwanza idadi, kisha maswali. Ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja akiwa ofisa usalama wa kiwanda hicho cha madaftari, na jina la Bi Hadhari alipachikwa na wafanyakazi mwezi wake wa kwanza, kwa sababu ya kadi za njano zenye neno HADHARI alizokuwa akibandika kila mahali, hata kwenye birika la chai. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho.

"Nani ameumia?" aliuliza.

"Hajaumia mtu," alijibu dereva wa folklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo. Huyu walimwita Breki, kwa kuwa folklifti yake ilisikika ikifunga breki hata kutoka barabarani. "Tunaangalia."

"Mnaangalia nini?"

"Ngazi."

"Kwa nini?"

Breki alimtazama kama mtu anayeulizwa na mpishi chungu kina nini. "Si umeandika mwenyewe pale ubaoni? Angalia, ngazi ya ghala la pili. Tukasema safari hii tuwahi. Ile filamu ya daraja tulichelewa kuitazama, watu wakawa wanaongea kwa mafumbo mbele yetu wiki nzima."

"Mimi naona mwanzo wake mzito," sauti ilisema kutoka nyuma.

"Vumilia, bwana. Hata ile ya daraja nusu saa ya kwanza mtu anapima kamba tu."

"Shh," alisema mwanamke wa kwenye kreti bila kugeuka.

Bi Hadhari aliirudia akilini sentensi aliyoiandika Ijumaa, neno kwa neno, na kosa likamsimamia mbele waziwazi, kama mtu aliyemkanyaga mguu.

Ubao wa usalama ulikuwa ukutani kati ya chumba cha kubadilishia nguo na bomba la maji ya kunywa. Kwa miaka minane ulibandikwa kadi za njano za kila aina, na haukusomwa. Hili halikuwa hisia, alilipima. Siku moja alisimama mlangoni akawauliza watu arobaini waliokuwa wakitoka: ubaoni leo kuna nini? Watatu walijibu sawasawa, na mmoja wao ndiye aliyemsaidia kubandika.

Wiki iliyofuata alibandika karatasi yenye mistari minne kuhusu filamu aliyoitazama Jumapili. Hakuipendekeza kwa uzuri. Kilichomchokoza ni kuwa shujaa wake alipanda ngazi ya chuma iliyoegemezwa kwenye waya wa umeme, mvua ikinyesha, miguu peku, na hakufa. Aliandika: "Angalia: Paa la Mwisho. Saa moja na dakika hamsini. Makosa ya usalama ishirini na sita. Mtu aliyestahili kufa dakika ya kumi na mbili anaoa dakika ya mia." Kufikia adhuhuri karatasi ilikuwa imejaa alama za vidole vya gundi, na watu watatu walikuja ofisini kumwambia kwamba makosa ni ishirini na saba, hakuhesabu kisu.

Ukurasa ukazaliwa hapo. Ulitoka kila Ijumaa saa kumi jioni, ukiitwa Ya Wiki Hii, na ulikuwa na vichwa vitatu: Angalia, Soma, Sikiliza. Bi Hadhari hakuwahi kuandika kwamba kitu ni kitamu au kinasisimua. Aliandika kilivyo. "Soma: Mpimaji wa Mito. Kurasa mia mbili na kumi na mbili, herufi kubwa. Mwizi anatajwa ukurasa wa 190. Mimi nilimjua ukurasa wa 64." Au: "Sikiliza: mchezo wa redio wa Jumatano, saa moja na nusu jioni. Kuna mlango unaolia kila anapoingia mtu fulani. Msikilize mlango, si mtu." Chini kabisa paliandikwa sheria moja tu, kwa wino mwekundu: Anayesimulia mwisho atafagia ghala.

Watu waliuamini kwa sababu haukutiwa chumvi. Kiwanda kilichotengeneza vitabu visivyo na hata neno moja ndani kikaanza kuazimana vitabu vyenye maneno. Na kwa kuwa kadi za njano zilibandikwa pembeni ya ukurasa, macho yaliyokuja kutafuta filamu yaliokota na tahadhari njiani.

Ijumaa iliyopita kadi za njano zilikuwa zimekwisha, na mchapaji alikuwa bado anapiga danadana. Bomba la kushikia la kushoto katika ngazi ya ghala la pili lilikuwa limelegea. Bi Hadhari alichukua kalamu ileile na karatasi ileile, na chini ya Sikiliza akaandika: "Angalia: ngazi ya ghala la pili, bomba la kushoto." Aliandika kama ofisa usalama. Ilisomwa kama pendekezo la nne.

Kabla hajapata la kusema, Meneja alitokea, akitembea kwa kasi yake ya kawaida, funguo zikimlia kiunoni.

"Mashine ya kukata imesimama dakika tisa," alisema. "Kuna ajali?"

"Hakuna," alisema Bi Hadhari.

"Basi hawa ni watalii?"

Mwanamke wa kwenye kreti, ambaye kila mtu alimwita Mama Gundi na ambaye alikuwa kiwandani tangu Meneja akiwa shule, aliinuka taratibu akijipangusa sketi. "Siku zote mnatulalamikia hatusomi ubao, Meneja. Leo tumesoma, nongwa?"

Wote walicheka isipokuwa wawili. Kisha wakatawanyika, na mashine ya kukata ikaanza kunguruma.

*

Katika ofisi ya Meneja, ukurasa wa Ijumaa ulikuwa juu ya meza, ukiwa na matundu manne ya pini kwenye kona. Alikuwa ameubandua mwenyewe.

"Kaa, Bi Hadhari. Ule ni ubao wa usalama au wa sinema?"

"Wa usalama. Kabla ya ukurasa, watu watatu kati ya arobaini walijua kilichomo. Mara ya mwisho nilipouliza, thelathini na sita. Nusu mwaka kabla yake tulikuwa na majeraha madogo kumi na moja. Nusu mwaka iliyopita, manne."

"Katika muda huohuo na mimi nimeacha sukari. Labda wamepona kwa ajili yangu."

Kilichomkera Bi Hadhari ni kwamba hoja ilikuwa nzuri. Yeye mwenyewe angeitoa.

"Mimi si adui wa vitabu," Meneja aliendelea. "Lakini leo watu kumi na saba wameacha kazi kwenda kutazama chuma. Kwa hiyo sitaki jumla. Nataka jambo moja. Moja tu, ambalo ukurasa huu umelifanya na kadi ya njano isingelifanya. Niletee Ijumaa saa nane mchana. Ukikosa, ubao unarudi kuwa ubao, na filamu zako ukawasimulie mawifi zako nyumbani."

"Nina wifi mmoja."

"Msimulie huyo."

*

Saa moja jioni wifi yake, dada mdogo wa mumewe, alikuwa sebuleni nyuma ya cherehani akipinda sketi za wanafunzi. Aliishi nao tangu alipohamishia cherehani yake kwenye dirisha lao lenye mwanga, na kazi yake ya pili, isiyo na malipo, ilikuwa kubishana na ukurasa kabla haujatoka. Aliposimuliwa yaliyotokea aliondoa mguu kwenye pedali, akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

"Kumi na saba? Wamekodolea macho ngazi?"

"Dakika tisa."

"Na hakuna aliyedai arudishiwe kiingilio?"

"Si mzaha, wifi. Ijumaa wanauondoa ukurasa."

Wifi aliacha kucheka. Alijua jambo ambalo halikuwamo kwenye takwimu yoyote: kwamba kila Jumapili saa tisa mchana mke wa kaka yake hukaa kwenye kiti kilekile na penseli iliyochongwa, na kwamba katika miaka mitatu alikosa Jumapili moja tu, akiwa na homa, na hata hiyo alisikiliza redio akiandika kwenye ubao wa kitanda.

"Nawe unaupenda," alisema.

"Unapunguza majeraha."

"Sikuuliza majeraha. Nimesema unaupenda."

"Hilo halipimiki."

"Linapimika. Umetia sukari kwenye hiyo chai mara tatu tangu ukae."

Bi Hadhari alionja. Ilikuwa kweli. Akaiweka chini.

"Kosa ni la neno," alisema. "Ningeandika tazama, yasingetokea haya."

"Nani anasema tazama? Ile ni ya mitihani. Mtu akitaka nikodoe macho ananiambia angalia. Na hilo si neno la kuonea, lina mzigo wake. Ukitoka ukaniambia, wifi niangalizie mtoto, mimi nitamtazama kama filamu? Nitamwangalia asitie kidole kwenye soketi. Ukinipigia kelele njiani, angalia gari, unataka nilisifu rangi? Neno moja, kazi tatu. Hao watu wako walifanya ipi?"

"Ya kwanza. Walitazama tu."

"Umewauliza?"

Bi Hadhari aliangalia meza. Alikuwa amewahesabu mara mbili, akaishia hapo. Katika miaka kumi na moja hakukumbuka mara nyingine aliyochukua idadi akasahau maswali.

"Nipe penseli," alisema.

*

Jumanne aliwaita mmoja mmoja kwenye chumba cha huduma ya kwanza. Hakuwaita pamoja, maana watu wakikaa pamoja hukumbuka pamoja. Aliwauliza swali moja, bila kutaja bomba wala upande: uliona nini?

"Bomba la kushoto," alisema Breki. "Limelegea. Bolti mbili hazipo, ya tatu inasubiri nauli. Halafu mtu wa mashine ya kukata alikuwa ananikanyaga, hilo nalo andika."

Aliliandika. Mtu wa mashine ya kukata naye alitaja bomba. Na wa kupanga rimu, na wawili wa mashine ya kupiga mistari. Kufikia saa sita watu kumi na sita kati ya kumi na sita walikuwa wametaja bomba la kushoto bila kuulizwa. Ilikuwa idadi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Lakini kadi ya njano nayo ingesema bomba la kushoto. Meneja angeuliza tofauti iko wapi, na angekuwa na haki.

Mama Gundi alikuja wa mwisho, akiwa na vidole vyeupe vya gundi iliyokauka.

"Bomba niliona," alisema. "Ila bomba halikunishika sana. Kilichonifurahisha ni kile kidato cha tisa."

"Kidato cha tisa?"

"Mimi mwenyewe niliishia cha nne, lakini kuhesabu najua. Cha tisa kutoka chini. Kinacheka."

"Kinacheka vipi?"

"Kama mtu aliyeng'oka jino. Kina mdomo kwa chini, upande wa ukutani. Nyinyi mliosimama hamkuuona. Mimi magoti yangu hayasimamii ngazi dakika tisa, nikakaa kwenye kreti. Warefu mnaona uso wa mambo. Sisi tuliokaa tunaona makalio."

Bi Hadhari aliiweka penseli mezani. "Kwa nini hukusema?"

Mama Gundi alishangaa kwa dhati. "Niseme? Nilijua ndiyo sehemu yenyewe uliyotaka tuigundue. Nikasema nisiwaharibie wenzangu utamu. Na ghala lenyewe ni kubwa, nani alifagie?"

Saa sita na dakika ishirini Bi Hadhari alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya saruji chini ya ngazi, kofia ngumu kichwani, tochi mkononi. Mama Gundi alikuwa sahihi. Kwenye mshono wa kuchomelea, pale kidato cha tisa kinapoungana na nguzo ya ukutani, kulikuwa na ufa wa sentimita sita, mpana kiasi cha kuingiza ukucha. Aliuingiza. Ukucha ulitoka na vumbi la rangi ya kahawia.

Ilikuwa kutu. Ufa wa jana haupati kutu. Huu ulikuwapo mwezi uliopita, na mwezi kabla yake.

Alibaki pale chini dakika mbili zaidi, akiangalia juu. Ukaguzi wake wa ngazi ulimchukua dakika nne kila mara, akipanda na kushuka. Kutoka juu, kila kidato kilifunikwa na mpira mweusi wa kuzuia utelezi, mpira ambao yeye mwenyewe aliuagiza. Katika miaka kumi na moja hakuwahi kukaa chini.

Alifunga ngazi kwa mkanda mwekundu juu na chini. Kisha akawarudia wale kumi na sita na swali la pili: kuna kitu ulikiona ukakificha? Wawili waliinamisha macho. Mmoja aliinama kufunga kamba ya kiatu akauona ufa. Mwingine aliokota kalamu. Waliulizwa kwa nini hawakusema. Walijibu kama Mama Gundi, karibu kwa maneno yaleyale. Mmoja aliongeza kuwa alidhani ni kwa ajili hiyo watu walikuwa kimya namna ile.

Siku hiyohiyo, kengele ya chakula ilipolia, Bi Hadhari alipanda juu ya kreti ya Mama Gundi akatangaza kwamba sheria ya kutosimulia mwisho haihusu ngazi, mashine, milango, waya wala chochote kinachoweza kumwangukia mtu.

"Hata kama ni kitamu?" aliuliza Breki.

"Hasa kikiwa kitamu."

Jumatano asubuhi fundi wa kuchomelea alikigonga kidato cha tisa kwa nyundo ndogo. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili lilikishusha upande mmoja, kikabaki kining'inia kama mdomo wa mlevi. Bi Hadhari aliandika saa: tatu na dakika kumi na moja. Kisha akafungua ratiba ya kazi za juma. Chini ya Alhamisi palisomeka: "Saa nne. Kupandisha mota ya feni, kilo tisini. Ngazi ya ghala la pili. Watu wawili." Jina la kwanza kati ya mawili yaliyofuata lilikuwa la Breki.

*

Ripoti aliiandika nyumbani Alhamisi jioni, aya nne, ukurasa mmoja. Wifi aliisoma akiwa amesimama, futi ya kupimia shingoni.

"Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Wifi, hii ya tatu unajichongea."

Aya ya tatu ilisema: "Ngazi hii ilikaguliwa mara tatu mwaka huu na kusainiwa kuwa salama. Ufa una kutu ndani, kwa hiyo ulikuwapo. Mkaguzi ni mimi."

"Ni kweli," alisema Bi Hadhari.

"Najua ni kweli, ingekuwa uongo ningesema unajisingizia. Si uandike tu kwamba ufa umegunduliwa? Kuna mtu atauliza?"

"Meneja aliuliza ukurasa umefanya nini ambacho kadi isingefanya. Kadi ni macho yangu. Inasema ninachokiona mimi. Mimi sikuuona ufa. Kama nisingeukosa, kadi ingetosha, na ukurasa usingekuwa umefanya kitu. Nikiondoa aya ya tatu naondoa na ushahidi."

Wifi alifikiri, akiivutavuta futi. "Kwa hiyo ili ubaki na ukurasa lazima ukubali kwamba ulikosea kazi."

"Lazima niseme kilichotokea. Hilo lingine linakuja lenyewe."

"Wewe ungeandika barua ya mapenzi ungeanza na tarehe na saa."

"Niliandika. Kaka yako anayo."

"Na ilianzaje?"

"Na tarehe na saa."

Wifi alirudi kwenye cherehani akitikisa mabega kwa kicheko. Ila alipoanza kukanyaga pedali alishona sketi ya kwanza ndani nje, akalazimika kuifumua.

*

Ijumaa saa nane kamili Meneja aliisoma ripoti mara mbili. Mara ya pili alisoma na kalamu, na kwenye aya ya tatu kalamu ilisimama.

"Aliyesaini ni wewe."

"Ndiyo."

"Ungeiacha hii nisingejua."

"Isingekuwa ripoti. Ingekuwa tangazo."

Meneja aliinuka akaenda dirishani. Chini, Breki alikuwa akirudisha folklifti nyuma, na breki zikalia kama kawaida. Meneja aliitazama folklifti kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Sasa nifanyeje?" alisema. "Nikikupa barua ya onyo, ni haki. Nikikurudishia ukurasa, nayo ni haki."

"Fanya yote mawili."

"Hata kujitetea hujui, Bi Hadhari!"

"Kwa ukurasa najitetea. Kwa ukaguzi sina hoja."

Meneja alikaa, akaandika barua hapohapo kwa mkono, mistari mitano, akamsogezea. Bi Hadhari aliisoma akairudisha.

"Tarehe ya ukaguzi wa pili si hii. Ilikuwa siku mbili kabla."

Meneja alivuta pumzi, akakata tarehe, akaandika nyingine, akasaini pembeni. Barua iliingia kwenye faili la Bi Hadhari. Kisha akatoa kwenye droo ukurasa wa Ijumaa iliyopita, wenye matundu manne, akaulaza mezani.

"Masharti. Mashine ikiwa imesimama, hakuna kuangalia. Wataangalia kabla ya kengele, Jumatatu, dakika kumi, kitu kimoja. Unakichagua wewe. Na warefu wakae chini."

"Nimeandika."

"Na jambo jingine." Alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Ile filamu ya mwezi uliopita, ya karani wa meli. Uliandika saa moja na dakika thelathini na tisa."

"Ndiyo."

"Ni arobaini na moja."

Kwa mara ya kwanza wiki hiyo Bi Hadhari alibadilika uso. Barua ya onyo ilimkuta ameketi wima. Hii ilimfanya aegemee mbele. "Pamoja na majina ya mwisho?"

"Bila majina."

"Una hakika?"

"Nilitazama mara mbili, na saa mkononi. Mara ya kwanza nilidhani saa yangu ndiyo mbovu."

Alitoa penseli mfukoni. "Nitasahihisha leo."

"Si lazima utaje nani..."

"Nitaandika: kwa mujibu wa msomaji."

*

Saa kumi na dakika mbili ukurasa ulikuwa ubaoni. Juu kabisa, kabla ya chochote kingine, ulisema:

"Sahihisho. Karani wa Meli ni saa moja na dakika arobaini na moja, si thelathini na tisa, kwa mujibu wa msomaji. Samahani.

"Angalia: Duka la Saa. Saa moja na dakika thelathini na mbili. Watu wanne, chumba kimoja. Hakuna anayepigwa. Kuna mtu anayesema uongo kuanzia dakika ya tano, na anasema akiwa amegeukia ukuta.

"Soma: Shangazi Hakujibu. Kurasa tisini na sita. Ni barua pekee. Barua ya kumi na moja haipo. Usidhani kitabu chako kimechanika.

"Sikiliza: kipindi cha sauti za kazi, redio, Jumamosi saa tano asubuhi. Wiki hii ni kinu cha karatasi. Dakika ishirini na tano, hakuna anayeongea.

"Angalia, kwa maana zote tatu: mlango wa dharura wa chumba cha gundi. Jumatatu, saa mbili kasoro dakika kumi. Njoo na kitu cha kukalia."

Mama Gundi alifika wa kwanza akaomba asomewe, miwani ameisahau kwenye chupa ya gundi. Bi Hadhari alisoma kwa sauti. Alipofika kwenye sahihisho watu walipiga miluzi.

"Ametokea mtu wa kukuhesabia dakika!" alisema Breki. "Nani huyo? Tumpe pole mkewe."

"Msomaji," alisema Bi Hadhari, akaendelea.

"Na maana tatu ni zipi?" aliuliza mtu wa mashine ya kukata.

"Umwone. Umwogope. Umtunze."

"Mlango?"

"Mlango."

"Mimi hiyo ndiyo ndoa yangu," alisema Mama Gundi, na waliokuwa nyuma wakadai arudie, hawakusikia.

Kengele ya kutoka ililia saa kumi na dakika kumi. Mtu wa kwanza aliondoka mbele ya ubao saa kumi na dakika kumi na saba.